Nataka Maji

Mejumaa alifungua mfereji wa uani kabla hata ya kuwasha jiko. Mfereji ukakohoa, ukatoa upepo wenye harufu ya kutu, kisha ukanyamaza. Akaufunga, akaufungua tena, labda mara ya pili utaona haya. Hapana. Akachukua ndoo mbili, akajitanda leso, akatoka kwenda kisima cha msikiti, kama alivyofanya jana na juzi na siku zote tangu zile mvua kubwa zilipokatika.

Mwaka wa tisini na nane ulianza hivyo Mombasa: mvua ya kuvunja madaraja, kisha jua, kisha mifereji mikavu. Kwenye ofisi ya maji walisema mabomba yameharibiwa na mvua. Kila kitu mwaka ule kilikuwa kimeharibiwa na mvua: barabara, simu, hata bei ya sukari. Lakini kichochoro cha pili, pale pale Kibokoni, watu walikuwa wakifua na kuanika, na ile nyumba mpya ya wageni ya pembeni ilikuwa na matangi meusi juu ya paa yaliyojaa mpaka yakafurika na kuchora mstari wa majimaji ukutani. Mejumaa aliuona mstari ule kila apitapo. Hakuwahi kumuuliza mtu.

Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi. Kwa vyombo yalifaa, ingawa sabuni ilikataa kutoa povu. Kwa Kamaludin hayakufaa. Mumewe alipigwa na kiharusi siku chache kabla ya Ramadhani, akapooza upande wa kulia, na kwa kulala sana mgongo wake ulikuwa umefanya vidonda viwili, kimoja kipana kama kisahani cha chai. Maji matamu yaliuzwa kwa mkokoteni, jerikeni kwa jerikeni, na kila wiki msukuma mkokoteni alikuwa na bei mpya. Yaliyonunuliwa yalitosha kunywa na kupikia. Kuogea ilikuwa ni haya ya chumvi.

Asubuhi hiyo alimgeuza kwa ubavu, akachovya kitambaa, akakamua, akakiweka kwenye kidonda. Mwili wa Kamaludin ukakakamaa wote, hata ule upande uliokufa ulionekana kushtuka. Akauma pindo la shuka.

"Yauma?"

"La," akasema, na mdomo wake uliopinda ukalivuta neno hilo likawa refu.

Alikuwa mshona kanzu. Miaka yote ya kazi yake alikaa dukani miguu ameikunja, na mteja akichelewa kuja kuchukua nguo, au akichelewa kulipa, Kamaludin alimuuliza hali ya watoto. Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Mejumaa alifunzwa na mamake kwamba mtu wa nyumba haombi. Ukihitaji chumvi kwa jirani waenda kumjulia hali, wakaa, wataja kwamba leo mchuzi umekuwa baridi, na jirani mwenye akili ataelewa. Asipoelewa, warudi ukale mchuzi usio chumvi, na heshima yako unayo.

Alipokwisha kumvisha akashuka na maji machafu. Uani alikuwepo Mapenzi, mpangaji wa chumba cha chini, mwanamke wa Kaloleni aliyefulia watu nguo kwa kazi yake. Tangu mfereji ukauke, Mapenzi alikuwa akibeba mafurushi ya nguo za watu kichwani hadi Kisauni kwa shangazi yake, na kuyarudisha yakiwa mabichi.

"Mama, leo waenda tena ofisini?"

"Naenda. Lakini kwanza nitapita Kizingo kwa Sheikhan. Yeye yuwajuana na wakubwa."

"Ukifika useme."

"Juzi si nilisema?"

"Ulisema nini?"

Mejumaa akakumbuka. Alimwambia yule karani kwamba joto limezidi, kwamba nyumbani kuna mgonjwa, kwamba Mungu atawalipa kheri wanaofanya kazi ya kuwapa watu maji. Karani alimwambia amina.

"Nilimpa hali yangu."

"Na maji uliyaomba?" Mapenzi akauliza, huku akifunga furushi lake.

Mejumaa akamwaga yale maji machafu. Alivaa buibui lake akatoka.

Kizingo alikwenda kwa miguu. Alipita Ngome, akapita kwenye miti mikubwa ya ofisi za serikali, akaingia zile barabara pana ambazo mtu wa miguu huonekana peke yake, na askari wa milangoni humtazama mpaka apotee. Nyumba ya Sheikhan, mtoto wa ami yake, ilikuwa na ukuta mrefu na maua ya zambarau juu yake. Alipofunguliwa lango, kitu cha kwanza alichokiona ni mpira wa maji umelazwa kwenye majani, unatoa maji peke yake. Hapakuwa na mtu aliyeushika. Maji yalikuwa yakijaa chini ya mti, yakifurika, yakishuka kwenye saruji hadi kwenye mtaro.

Maisara, mke wa Sheikhan, alimpokea kwa furaha ya kweli. Akamkalisha, akamletea sharbati yenye barafu. Sheikhan akatoka chumbani amevaa kikoi na miwani, akakaa mbele yake.

"Sabalkheri, dada yangu. Mgonjwa yu hali gani?"

"Alhamdulillahi. Yuko vile vile."

"Mungu atamjalia. Na nyinyi nyote?"

"Sote twashukuru. Ila siku hizi maji yatupa taabu kidogo."

"Ah, maji!" Sheikhan akapiga paja. "Mji mzima, dada. Mji mzima. Mvua hii imetuvunjia kila kitu. Juzi nilikuwa na mkubwa wao mwenyewe, twala chakula pamoja, nikamwambia, nyinyi watu!" Akacheka.

Mejumaa akaishika bilauri kwa mikono miwili. Sasa, akajiambia. Mwambie ampigie simu huyo mkubwa. Simu ilikuwa pale pale kwenye meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Neno likapanda mpaka kooni. Likakutana na sura ya mamake, likarudi chini.

"Kamaludin, maji ya chumvi hayamfai sana," akasema. "Ngozi yake."

"Haswa. Ngozi ya mgonjwa yataka uangalifu," Sheikhan akasema kwa upole. Kisha akamtazama, akamtazama tena, na uso wake ukaonyesha ule utambuzi ambao Mejumaa alikuwa akiungoja. Akainuka, akanong'ona na mkewe mlangoni. Mejumaa akahisi kifua kinafunguka. Ameelewa.

Maisara akarudi na mfuko. "Tende hizi, dada. Za Madina. Mpe mgonjwa, zitampa nguvu."

Alishukuru. Alishukuru mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaruka ule mtaro uliojaa maji langoni, akarudi barabarani na mfuko wa tende chini ya buibui. Alitembea kwa haraka bila kujua kwa nini. Alikuwa na hasira, lakini hakuweza kumpata wa kumkasirikia. Sheikhan hakumnyima kitu. Angemnyima nini, naye hakumwomba?

Ofisi ya maji ilikuwa na benchi moja la mbao na watu wengi kuliko benchi. Feni ya darini ilizunguka polepole. Aliyekaa kwenye dirisha alikuwa Bwana Sammy, kijana mnene kidogo mwenye shati la mikono mifupi, mwenye sauti ya upole ambayo ilimfanya mtu ajione msumbufu. Zamu ya Mejumaa ilipofika jua lilikuwa utosini.

"Mama, umerudi."

"Nimerudi, mwanangu. Kazi yaendaje?"

"Kazi ni ngumu, mama. Gari halina mafuta. Vijana wako hapo nje tangu asubuhi, hata chai hawajanywa."

"Maskini."

"Ndio hivyo. Na mabomba yenu yameharibika vibaya, hiyo mvua haikuwa mchezo. Lakini wewe ni mtu mzima, unaelewa mambo."

"Nyumbani kuna mgonjwa."

"Pole sana, mama. Hata sisi tunaumia. Sasa, mtu akiona namna ya kutusaidia, na sisi tunaona namna." Akapanga kalamu zake. "Si lazima leo. Fikiria tu. Rudi jioni, rudi kesho."

Mejumaa akaondoka dirishani na kusimama ukumbini. Alikuwa ameelewa. Watu wote wa kwenye benchi walikuwa wameelewa. Kilichomshangaza ni kwamba yeye na kijana yule walikuwa wakizungumza lugha moja. Mwenzake alikuwa ameikunja hongo yake ndani ya pole, na yeye ameyakunja maji yake ndani ya salamu, na yule wa dirishani ndiye aliyekaa kwenye kiti, kwa hiyo angeweza kungoja mpaka kiama.

Kwenye ngazi za nje alikaa mzee mmoja wa makamo, ovaroli imechanika magoti, mbele yake ufunguo wa chuma mrefu kama fimbo ya kutembelea, wenye mkono wa kuzungushia juu. Mejumaa akasimama karibu naye. Akamsalimia, akajibiwa. Jina lake Mung'aro, mtu wa Rabai. Mejumaa akataka kumwambia kwamba jua ni kali. Akaufunga mdomo, akaufungua upya.

"Ufunguo huu wa nini?"

"Wa koki za barabarani, mama. Zile zenye kifuniko cha chuma."

"Koki ya kwetu Kibokoni, kichochoro cha nyuma ya msikiti, imeharibika?"

Mung'aro akamtazama. "Haijaharibika. Imefungwa."

"Nani aliyeifunga?"

"Mimi."

Mejumaa akashikilia ukingo wa ngazi. "Kwa nini?"

"Nimetumwa. Yenu ikifungwa, maji yapata nguvu ya kupanda kule kwenye matangi ya nyumba ya wageni." Alisema bila kuficha, kama mtu aliyeulizwa njia ya sokoni. "Bomba lenu halikuguswa na mvua hata kidogo."

"Na ukiambiwa uifungue?"

"Naizungusha tu. Nilidhani mwajua, mama. Nikasema moyoni, watu wale wana subira. Maana waja hapa, wasema joto, wasema pole na kazi, wenda zao. Sijasikia mtu wa kwenu akisema anataka ifunguliwe."

Mejumaa akageuka akaingia ndani. Mbele ya dirisha alisimama mwanamume mwenye karatasi mkononi.

"Nipishe, mwanangu," akamwambia.

Yule mtu akampisha. Ikawa ni hivyo tu, na Mejumaa akashtuka jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Nataka maji," akasema.

Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake ikiwa kubwa hivyo mahali pa watu. Kwenye benchi mazungumzo yakakatika.

Bwana Sammy akatabasamu. "Mama, si nimekuambia..."

"Hujaniambia. Umeniambia habari za mafuta na chai. Mimi nataka koki ya kichochoro chetu ifunguliwe, leo. Haikuharibika, imefungwa. Ufunguo uko hapo nje. Mimi nimekwisha kusema nitakalo. Sasa nakuuliza na wewe: wataka nini?"

"Mimi? Mimi sitaki kitu."

"Ukitaka kitu, sema. Ukitaka pesa, sema nataka pesa, nami nikujibu. Hapa hapa, mbele ya watu hawa."

Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni pa Bwana Sammy, lakini lilikuwa limesahauliwa pale. Akatazama nyuma yake, kwenye mlango wa ofisi ya ndani uliofungwa. Akatazama benchi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa ameinuka ili aone vizuri.

"Hakuna mtu ametaja pesa, mama."

"Basi hutaki kitu. Na mimi nataka. Mwambie akafungue."

"Na ya kwetu Makadara!" akasema yule mwenye mtoto. Mtu mwingine akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Shingo ya Bwana Sammy ilikuwa imelowa. Ilikuwa dhahiri kwamba alitaka jambo moja tu wakati ule, mwanamke huyu atoke mbele ya dirisha.

"Mung'aro!" akaita. "Enda ufungulie huyu mama."

Njiani Mung'aro alitembea na ufunguo begani, na Mejumaa alilazimika kukaza mwendo ili wawe sambamba. Walipofika Kibokoni mzee akasimama.

"Umemsikia kwa masikio yako akinituma."

"Nimemsikia. Na watu wamesikia."

"Haya," Mung'aro akasema, lakini alibaki kidogo akiutazama ufunguo.

Kifuniko cha koki kilikuwa katikati ya kichochoro, mbele ya baraza ya nyumba yao, kimejaa mchanga na maganda ya machungwa. Watu walikuwa wakikikanyaga kila siku. Mung'aro akakibandua, akaingiza ufunguo, akazungusha kwa uzito wa mwili wake. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ndani ya kuta za mawe ukasikika mtetemo, kama mnyama anayejinyoosha, na dirisha la juu likafunguka kwa kishindo, mwanamke akapiga kelele: "Yaja! Yaja!" Kelele zikajibiwa nyumba kwa nyumba hadi mwisho wa kichochoro.

Uani maji yalitoka mekundu kama chai ya rangi, yakitema na kukohoa, kisha yakapauka, kisha yakawa maji. Mapenzi, aliyekuwa ndio kwanza anarudi na furushi, alilitupa chini, akaweka kichwa chake kizima chini ya mfereji.

Mejumaa hakungoja. Alijaza ndoo, akapanda nayo ngazi akimwaga, akamgeuza Kamaludin kwa ubavu. Alichovya kitambaa kisafi, akakiweka kwenye kile kidonda kipana. Mwili ukakakamaa kwa mazoea, ukingoja. Kisha polepole ukalegea, bega, mgongo, hata vidole vya miguu.

Alimwosha mgongo wote. Alipokuwa akikikamua kitambaa ili akiweke kando, Kamaludin akasema kitu. Hakusikia, akainama.

"Tena," akasema mumewe. Macho alikuwa ameyafumba, na chozi moja lilikuwa limeteremka kwenye mto upande ule uliopinda. "Tena, Mejumaa. Usiache."

Alirudia mpaka ndoo ikaisha.

Baada ya alasiri alisikia gari. Kupitia dirishani aliona pikapu imesimama kwenye mdomo wa kichochoro, ambapo gari haliwezi kuingia, na Bwana Sammy akija kwa miguu na kijana mwingine wa ovaroli mpya. Kijana ndiye aliyebeba ufunguo. Mung'aro hakuwepo.

Mejumaa alishuka ngazi bila kuvaa viatu. Alifika kwenye kifuniko wakiwa bado hatua kadhaa mbali. Hakujua afanye nini, akakikalia.

"Mung'aro yu wapi?" akauliza.

"Amehamishwa," Bwana Sammy akasema. "Kazi inamngoja Mariakani. Mama, tafadhali ondoka hapo, tufanye kazi yetu."

Maneno hayo yalimchoma. Yule mzee hakuwa na kosa ila kusema kweli alipoulizwa. Akataka kuuliza zaidi juu yake, lakini kijana alikuwa ameshaushusha ufunguo begani.

"Kazi gani?"

"Kurekebisha."

"Kurekebisha nini? Maji yatoka vizuri."

"Kuna maagizo, mama."

"Ya nani?"

"Kutoka juu."

"Huko juu ana jina?"

Bwana Sammy akapangusa uso. Madirisha ya kichochoro yalikuwa yamefunguka, moja baada ya jingine, na kwenye kila moja palikuwa na nyuso mbili tatu. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa kwenye baraza ya mbele walikuwa wameweka vikombe chini.

"Mimi nataka maji," Mejumaa akasema, si kwa hasira, kwa uchovu. "Kila mtu hapa anajua nitakalo. Nawe sema utakalo. Sema, nimekuja kuwafungia nyinyi maji, na useme ni nani unayemfungulia. Hayo mawili. Sema kwa sauti wasikie hao madirishani, kisha nitainuka."

Hapo aliogopa. Kama mwenzake angesema, ingembidi yeye ainuke. Bwana Sammy akafungua kinywa. Yule kijana wa ovaroli alikuwa akizitazama kucha za miguu yake mwenyewe.

"Wewe mama ni mgumu," Bwana Sammy akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, sauti ya ofisini. "Tuko na gari, tunaweza kungoja. Utachoka."

Wakarudi kwenye pikapu, wakaketi ndani, milango wazi. Gari halikuondoka.

Mejumaa alikuwa amekwisha kuchoka. Chuma kilikuwa na moto wa jua la kutwa, kikimpenya kupitia kanga hadi nyamani, na magoti yalimuuma. Maghribi ilikuwa njiani. Kamaludin angehitaji kugeuzwa. Na kesho wangerudi na mtu mwingine, au na askari, na mtu wa juu asiye na jina angebaki juu. Chini yake, kupitia kifuniko, aliyasikia maji yakipita.

Wakati mwingine wowote angesema tu kwamba chuma hiki kina moto, angeugeukia uso mlango wa nyumba, na kungoja mtu aelewe.

"Mapenzi!" akaita.

Mapenzi akatoka, mikono imejaa povu hadi viwikoni.

"Niletee mto wa kukalia," Mejumaa akasema. "Umgeuze Kamaludin. Kisha njoo unipokee, ukae hapa. Nataka kuswali."